MGANGA AFUNDISHWE KUSEMA, SI KUCHOMA SINDANO TU



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Mimi ni mganga msaidizi wa zahanati katika Wilaya ya Serengeti. Nina cheti. Nilifundishwa kupima malaria, kushona kidonda, kuchoma sindano, na kumpeleka hospitali mgonjwa aliyenishinda. Namna ya kusema na mgonjwa sikuitilia maanani. Nilidhani hilo halina masomo, maana kila mtu ana mdomo.

Siku moja bibi mmoja alimleta mjukuu wake, mtoto wa miaka minane hivi. Mtoto alikuwa akichunga ndama, akakanyaga kipande cha bati. Unyayo ulikuwa umepasuka. Damu ilikuwa imegandamana na udongo. Nilinawa mikono, nikatayarisha dawa ya ganzi, uzi na sindano. Kisha nikamwambia mtoto, "Sasa hii itauma sana. Jikaze, usipige kelele."

Mtoto alipiga kelele kabla sijamgusa. Tuliita wanaume wanne wamshike. Nilishona huku mguu unarukaruka, na kushona kwenyewe hakukuwa kuzuri. Nilipomaliza jasho lilikuwa linanitiririka. Bibi alinitazama, akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, umemchoma kwa mdomo kabla ya sindano."

Nilikasirika kidogo. Nilijiona nimesema kweli, na mtoto ndiye mwoga. Lakini siku ya kubadilisha bandeji mtoto hakuja. Siku ya tano nilichukua pikipiki nikaenda kwao. Nilimkuta amejificha nyuma ya ghala. Kidonda kilikuwa kimetunga usaha, kinanuka. Mtoto yule aliona afadhali mguu uoze kuliko kuniona mimi tena. Hapo ndipo nilipoanza kulifikiri lile neno la bibi.

MANENO YA NYUKI

Baadaye nilisoma habari ya jaribio moja lililofanywa na madaktari wa mji wa Boston, Marekani. Taarifa yake ilitolewa mwaka 2010. Waliwachukua akina mama 140 waliokuwa karibu kujifungua. Wote walikuwa wachomwe sindano ya ganzi mgongoni. Akina mama hao waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza liliambiwa kwamba watasikia kama wameumwa na nyuki mkubwa, na kwamba hiyo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Kundi la pili liliambiwa kwamba wanapewa dawa ya ganzi, kwamba mahali pale patakufa ganzi, nao watakaa vizuri.

Sindano ilikuwa ile ile. Dawa ilikuwa ile ile. Kisha kila mama aliulizwa ameumwa kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi. Walioambiwa habari ya nyuki, alama yao ya katikati ilikuwa tano. Wale wengine ilikuwa tatu.

Ewe mrina asali, wewe unajua nyuki ni nini. Fikiri basi: nyuki hakuwapo pale. Aliyekuwapo ni neno tu. Lakini neno lile liliuma.

Sisi katika zahanati tunasema maneno ya namna hiyo kila siku. "Hii itakuuma." "Usiogope damu." "Mwenzako jana alizimia hapa hapa." Tunadhani tunamtayarisha mgonjwa. Kumbe tunamwongezea maumivu.

HIPNOSISI NI NINI?

Kuna elimu nzima ya kutumia maneno katika tiba. Jina lake ni hipnosisi. Jina hilo ni geni, nami nitajaribu kulieleza.

Umewahi kumwona mtu anayesikiliza mpira redioni, Simba na Yanga wanapocheza? Mkewe anamwita mara tatu, hasikii. Mbu anamwuma, hana habari. Mtu huyo hajalala wala si kiziwi. Akili yake yote iko uwanjani. Sasa, ukimpata mtu aliyefundishwa, anaweza kumwongoza mgonjwa kwa maneno ya taratibu mpaka akili yake ikakusanyika mahali pamoja namna hiyo. Mgonjwa anapumua polepole. Anafikiri juu ya mahali anapopapenda. Halafu yule mwongozaji anampa maneno ya kumsaidia: mkono wako unakuwa mzito, unakuwa baridi kama umeuweka mtoni asubuhi. Na mgonjwa mwingine hupata nafuu kweli. Hiyo ndiyo hipnosisi.

Jina hili lilienezwa na daktari James Braid, Mskoti aliyefanya kazi Manchester, Uingereza. Aliandika kitabu chake mwaka 1843. Neno lenyewe limetoka katika Kigiriki, maana yake usingizi. Baadaye Braid mwenyewe aliona jina halifai, kwa sababu mtu hasinzii. Anasikia, anajua alipo, anaweza kukataa. Lakini jina lilikuwa limekwisha shika.

Hipnosisi si kiinimacho. Si mazingaombwe ya kutoa njiwa katika kofia. Si majini. Mtu haibiwi akili yake. Na si wote wanaoingia sawasawa: wako wachache wanaoingia upesi sana, wako wachache wasioingia kabisa, na wengi wapo katikati.

Je, ina faida ya kweli? Mwaka 2000 daktari Elvira Lang na wenzake, huko Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 241 waliokuwa wanaingizwa mpira mwembamba katika mishipa au figo, huku wako macho. Walioongozwa kwa hipnosisi walihitaji dawa kidogo zaidi ya kutuliza. Kazi yenyewe ilikwisha mapema pia: dakika 61 kwa kadiri, badala ya 78 kwa wale waliotibiwa kwa kawaida. Na zamani zaidi, mwaka 1845, daktari James Esdaile huko Bengali, India, alianza kuwapasua watu kwa njia hii, wengi wao wenye mabusha makubwa ya matende. Wakati ule dawa ya kulaza mgonjwa ilikuwa bado haijajulikana. Ilipokuja mwaka mmoja au miwili baadaye, njia yake ikaachwa. Na ni haki. Dawa ya kulaza hufanya kazi kwa kila mtu. Maneno hayafanyi kazi kwa kila mtu.

Sisi watu wa Tarime na Serengeti jambo hili tusilione la ajabu. Kijana anayetahiriwa mbele ya ukoo wake hasikii kisu kama yule anayekatwa na panga gizani. Nyimbo, watu, na fahari yake vimeishika akili. (Lakini asitokee mtu wa kulishika neno langu hili kutetea ukeketaji. Msichana hutoka damu vile vile, aimbiwe au asiimbiwe. Na sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18.)

VICHEKO VYA KASHASHA

Nguvu hii ya akili juu ya mwili inaweza pia kuleta shida. Mfano mkubwa umetoka ng'ambo ya Ziwa letu, upande wa Bukoba.

Tarehe 30 Januari 1962, nchi ikiwa haijatimiza miezi miwili tangu Uhuru, wasichana watatu wa shule ya misheni ya Kashasha walianza kucheka. Hawakuweza kujizuia. Walicheka, wakalia, wakahangaika. Kicheko kikawashika wengine. Kufikia tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Shule ikafungwa. Watoto wakarudi makwao, na kicheko kikaenda nao. Katika kijiji cha Nshamba walipatwa watu 217.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza na kuandika taarifa mwaka 1963. Walitafuta sumu katika chakula, hawakuiona. Walipima damu, hawakuona mdudu. Waliona ni hofu na wasiwasi vilivyopita kutoka kwa mtu hadi mtu. Hakuna aliyekufa.

Nimeeleza habari hii kwa sababu siku hizi bado tunaona wasichana wakianguka na kupiga kelele shuleni, na watu wakisema wamerogwa, au wanadanganya. Wasichana wale hawadanganyi. Wanaumwa kweli. Lakini dawa yao si kumtafuta mchawi. Wanahitaji utulivu, kutenganishwa kwa muda, na mtu mzima anayejua kusema nao bila kuwaongezea hofu. Mwalimu mmoja anayekimbia huku akipiga mayowe anaweza kuwaangusha wanafunzi kumi zaidi.

NANI AFUNDISHWE?

Sasa nafika kwenye maoni yangu.

Marekani kuna chama cha wataalamu wa hipnosisi ya tiba kilichoundwa mwaka 1957. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa daktari Milton Erickson. Huyu aliugua polio akiwa na miaka 17, akapooza, na maisha yake yote alipambana na maumivu ya mwili wake. Chama hicho hutoa mafunzo ya mwanzo ya saa 20 hivi. Mwanafunzi hufundishwa hipnosisi ni nini na si nini. Hufundishwa kumwuliza mgonjwa habari zake kwanza na kupata ridhaa yake. Hufundishwa kumwingiza, kumpa maneno yanayofaa, na kumrudisha vizuri, maana mtu haachwi njiani. Wanafunzi hufanya mazoezi wao kwa wao mbele ya mwalimu. Anayekuja kuwaongoza wengine, kwanza aongozwe yeye mwenyewe aone lilivyo. Na saa hizo zikiisha huambiwa: wewe bado ni mwanafunzi. Kuna mafunzo ya pili, na kuna kazi ya kufanya chini ya msimamizi.

Jambo linalonipendeza zaidi ni sheria moja. Wanasema: usitibu kwa hipnosisi ugonjwa ambao huna elimu ya kuutibu bila hipnosisi. Daktari wa meno aitumie kwa meno. Mkunga aitumie kwa uzazi. Basi. Ndiyo maana hawampokei kila anayekuja na ada mkononi. Wanampokea mtu mwenye shahada na leseni ya kutibu. Mimi mwenye cheti nisingepokelewa, nami sioni kwamba nimeonewa. Nikijua kumtuliza mtu mwenye maumivu ya tumbo, lakini sijui kutambua kidole tumbo kilichopasuka, nitamtuliza mpaka afe.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Hipnosisi yenyewe wafundishwe madaktari wetu, wauguzi wa chumba cha upasuaji, na wanaotibu magonjwa ya akili katika hospitali kubwa. Lakini sehemu ile ya kwanza, sehemu ya maneno, tufundishwe sisi sote wa zahanati. Hata siku mbili chuoni zingetosha kuanza. Kusema kwa sauti ya chini. Kukaa, si kumsimamia mgonjwa kichwani. Kutotaja maumivu pasipo sababu. Kutosema uongo vile vile. Mtoto aliyeambiwa "haitauma hata kidogo" halafu akaumwa, hatakuamini tena, na ana haki.

Najua majibu nitakayopewa. Mwenzangu mmoja aliniambia, "Dawa zinakwisha kabla ya mwisho wa mwezi, foleni imefika mlangoni, na wewe unataka tujifunze kubembeleza?" Ni neno la kweli, na simlaumu. Lakini kusema "nakupa dawa ya ganzi, mahali hapa patatulia" hakuchukui muda zaidi ya kusema "itauma, jikaze." Na wale wanaume wanne walioacha kazi zao kuja kumshika mtoto, muda wao nani anauhesabu?

Mzee mmoja naye alinicheka. Alisema mambo haya waganga wa jadi wanayajua tangu zamani. Wana ngoma, wana nyimbo, wana muda wa kumsikiliza mgonjwa tangu jua kutoka mpaka kuzama. Hapo mzee amesema kweli zaidi kuliko alivyodhani. Mganga wa jadi anakaa na mgonjwa. Sisi tunamwita kwa namba. Sioni aibu kujifunza kwake jambo hilo moja.

JIHADHARI

Lakini nguvu inayotuliza inaweza pia kudanganya. Majirani zetu wa Wilaya ya Ngorongoro wanajua vizuri. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alitoa dawa ya mti kwa kikombe. Bei ilikuwa shilingi 500. Watu walifika kutoka kila pembe ya nchi, na kutoka Kenya pia. Foleni ya magari ilikwenda kilometa nyingi. Wengi waliokunywa walisema wamejisikia vizuri. Mimi naamini walijisikia vizuri kweli. Wamesafiri, wametumaini, wamekunywa pamoja na maelfu ya wenzao. Akili ilifanya kazi yake.

Lakini kujisikia vizuri si kupona. Virusi vya Ukimwi havisikii maneno. Sukari katika damu haisikii maneno. Wako walioacha dawa zao za hospitali kwa sababu ya kikombe kile, na ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Basi mtu yeyote akikuambia kwamba atakutuliza akili na kwa hiyo uache dawa ya kifafa, ya sukari, ya kifua kikuu au ya Ukimwi, huyo mkimbie, hata akiwa na koti jeupe. Hata mwenye kusikia sauti za watu wasiokuwapo asipelekwe kwa mtu wa hipnosisi asiye daktari wa akili. Anaweza kuharibika zaidi.

Kuna hatari nyingine inayonitia hofu zaidi kuliko hiyo, kwa sababu ya tabia zetu. Mtu anaweza kuja siku ya gulio, Mugumu au Sirari, akasema: nitamwongoza binti yako katika usingizi, na humo atamtaja aliyemroga. Msomaji, usikubali. Mtu aliye katika hipnosisi hupokea maneno ya anayemwongoza. Ukimwuliza "ni bibi gani aliyekutazama vibaya?" atakutafutia bibi. Naye mwenyewe ataamini amemwona. Kwa sababu hiyo, mwaka 1982, mahakama ya juu ya jimbo la California, Marekani, ilikataa ushahidi wa mtu aliyekumbushwa mambo kwa hipnosisi. Kama mahakama ya watu wenye majengo na wataalamu iliogopa, sisi tutathubutuje? Kanda yetu hii ya Ziwa imekwisha zika bibi wengi mno waliotajwa na wapiga ramli. Mwezi Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya damu iliyomwagika. Ramli ikija na jina la Kigiriki, bado ni ramli.

Mtu wa namna hiyo akifika kijijini kwako, mwulize: Umesomea tiba gani? Leseni yako iko wapi? Akikosa kujibu, nenda ukamweleze afisa mtendaji wa kijiji kabla hajaanza kukusanya fedha.

YULE MTOTO

Nilimtibu kidonda kule kule nyumbani, siku tisa. Siku ya kwanza bibi alikaa karibu yake. Mimi nilikaa chini, nikamwuliza ng'ombe wao wa maziwa anaitwa nani. Hakujibu. Nikamwuliza bibi, naye akakosea jina kwa makusudi. Mtoto akamsahihisha. Tukaendelea hivyo: ndama yupi ni wa ng'ombe yupi, yupi anapiga teke, yupi aliingia shamba la jirani. Nilimwambia kila ninalofanya kabla sijalifanya. "Sasa ni maji ya vuguvugu. Sasa ni bandeji." Alilia kidogo. Hakuna mtu aliyemshika. Hiyo haikuwa hipnosisi, wala sikuifundishwa. Ilikuwa ni kuzungumza juu ya ng'ombe.

Sindano yake ya pili ya kukinga pepopunda alikuja kuchomwa zahanati, ametembea kwa miguu yake mwenyewe, na ng'ombe wawili wapya wa kunieleza.

Wewe msomaji ambaye mwanao anakimbia akiona zahanati, au ambaye mwenyewe uliwahi kuambiwa neno na mganga likakuuma kuliko ugonjwa, tuandikie barua. Sema neno lenyewe lilikuwa nini. Jina la mganga usilitaje.